Nyasi Zisizokatwa: Siku za Mei katika Vijiji vya Uingereza

Wengi wetu tukirudi kutoka Uingereza huja na habari za London: daraja, saa kubwa, walinzi wenye kofia za manyoya. Nami nilipita London, lakini sina la kuongeza juu ya yaliyokwisha kusemwa. Ninataka kuwaonyesha wasomaji vijiji, na humo vijijini vitu ambavyo mgeni huvipita bila kugeuza shingo: bembea ya watoto, bwawa la bata, benchi chini ya mti, pembe ya makaburi iliyoachwa imee majani. Nilitaka kujua nani anavitunza. Mimi ni mtoto wa Tanga vijijini, na uwanja niliocheza mpira utotoni leo umejaa fremu za maduka, wala hakuna anayeweza kukwambia uliuzwa katika kikao gani.

Huko kwa wenzetu jibu lake ni halmashauri ya kijiji, ngazi ya chini kabisa ya serikali. Sheria ya mwaka 1894 iliyatoa mambo ya kijiji mikononi mwa kanisa ikayatia mikononi mwa wajumbe wa kuchaguliwa, ingawa mipaka kwa kiasi kikubwa ilibaki ile ile ya parokia za zamani. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Desemba mwaka huo, na wanawake, hata walioolewa, waliruhusiwa kupiga kura na kugombea, wakati kura ya ubunge waliisubiri hadi 1918. Leo halmashauri hizo zinakaribia 10,000. Wajumbe hawana mshahara. Anayelipwa ni karani, na mara nyingi ni kwa saa chache tu za wiki.

Kettering

Tulianza Jumatatu, jua linawaka lakini halipashi moto. Mwenyeji na dereva wangu alikuwa binamu yangu, muuguzi, ambaye ameishi Northamptonshire muda mrefu kiasi cha kuacha kulalamikia hali ya hewa.

"Kaka, kama unatafuta habari za bembea, basi uanzie hapa," aliniambia, akaegesha gari kwenye lango la Wicksteed Park.

Charles Wicksteed alikuwa mhandisi mwenye kiwanda chake. Ardhi hii aliikusudia kwa nyumba bora za wafanyakazi, lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ikaanza kujenga nyumba kupitia halmashauri, naye akageuza nia yake kwenye bustani, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1921. Bembea zilikuja kwa bahati. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanakuja kutembea, akawafungia nguzo na minyororo ya haraka haraka, akitarajia kuifungua wakiondoka. Watoto wakazing'ang'ania. Mzee akaziacha, kisha akaanza kuzitengeneza kiwandani kwake, na kutoka hapo zikasambaa kwenye viwanja vya nchi nzima na ng'ambo. Kampuni aliyoianzisha hadi leo inatengeneza vifaa vya michezo ya watoto.

Mtelezo wa kwanza ulikuwa wa mbao, na wavulana walikuwa na wao, wasichana wao. Picha za enzi hizo zinaonyesha bembea ndefu za kutisha, na chini yake ardhi tupu. Leo ardhi tupu ndiyo kitu cha kwanza ambacho mkaguzi hukiandika kwa wino mwekundu. Chini ya kila kifaa pana zulia la mpira au maganda ya miti yaliyosagwa, na kina chake kinategemea mtoto anaweza kuanguka kutoka kimo gani. Niliinama nikayapima maganda hayo kwa vidole. Mama mmoja aliyekuwa na mwanawe akanitazama kwa mashaka, na binamu akanivuta mkono tukanywe chai.



Kirtlington

Jumanne tuliteremka Oxfordshire. Mei ndio mwezi wa kuiona nchi ile. Kandokando ya kila shamba vichaka vya miba vimechanua maua meupe, na kuta za vijiji ni za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali. Kirtlington ina machimbo ya zamani ambamo wataalamu walipata mifupa ya dinosaria na vijino vya mamalia wadogo wa zama zao. Kazi ya uchimbaji ilikoma siku nyingi, na majani yamepanda juu ya miamba.

Lakini sisi tulifuata kalunguyeye. Mnyama huyu hata kwetu yupo, ingawa wa kwao ni aina nyingine, mkubwa kidogo. Usiku mmoja hutembea mwendo mrefu akitafuta konokono na wadudu, kwa hiyo kijiji chenye kuta kila upande kwake ni kama nyumba isiyo na milango. Wanakijiji wa Kirtlington wamemtobolea njia. Tundu la sentimita 13 kwa 13 linamtosha, na mbwa wengi hawapiti. Palipo na tofauti ya kimo kati ya bustani na bustani wamemwekea ngazi ndogo au ubao wa kupandia, na baadhi ya ngazi hizo zimetengenezwa kwa ufundi mzuri kuliko ngazi za nyumba nilizowahi kupanga. Bwana mmoja aliyekuwa akipalilia maua yake alitukaribisha ndani kwa fahari ya mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Tundu lake lilikuwa na kibao juu.

Njia hiyo haikutokana na amri ya halmashauri. Imetokana na jirani kumwomba jirani. Hata hivyo sheria nayo ina mkono wake. Tangu 2006 kila chombo cha umma nchini humo, hata halmashauri ndogo kabisa, kina wajibu wa kuufikiria uhai wa mimea na wanyama katika kazi zake. Sheria ya Mazingira ya 2021 iliukaza wajibu huo, na vyombo vyote vilitakiwa viwe vimekaa na kutafakari vitafanya nini kabla ya tarehe 1 Januari 2024. Nina shaka na sheria zinazoamuru watu watafakari. Lakini zimempa karani kitu cha kuandika kwenye ajenda, na kilichoandikwa kwenye ajenda lazima kijibiwe.

Kalunguyeye mwenyewe sikumwona. Yeye hutoka usiku, na usiku sisi tulikuwa mbele ya pai ya samaki.

Selborne

Ningeambiwa nichague kijiji kimoja tu, ningeirudia Selborne, Hampshire. Mtaa ni mmoja, kanisa, nyumba za mawe na matofali, na nyuma yake mlima mwinuko uliovikwa msitu. Kuupanda moja kwa moja ni kazi ya mbuzi. Mwaka 1753 kasisi Gilbert White na ndugu yake John walichimba njia ya kupinda kulia na kushoto hadi juu, na ndiyo hiyo hiyo tuliyoipanda Jumatano, binamu akihema na kuwalaani makasisi wote. Juu tukakaa. Chini yetu majani mapya ya miti yalikuwa na kijani ambacho sisi wa nchi za joto hatukijui, chepesi, kinachopitisha mwanga.

White alizaliwa kijijini hapo 1720 na akafia hapo 1793. Kitabu chake juu ya viumbe vya Selborne kilitoka 1789 na hakijawahi kukosekana madukani kwa muda mrefu tangu hapo. Alichofanya ni kutazama. Alitambua ndege watatu wanaofanana mno kwa kusikiliza nyimbo zao. Aliwatetea minyoo ya ardhini, akisema udongo bila wao ungekuwa baridi na mgumu, muda mrefu kabla ya Darwin kuwaandikia kitabu. Alimrithi kobe aitwaye Timothy kutoka kwa shangazi yake, akaandika mwendo wake na usingizi wake. Baada ya kobe huyo kufa ikagundulika Timothy alikuwa jike. Gamba lake liko katika makumbusho ya viumbe ya London.

Jambo moja lilimshinda. Kila mwaka mbayuwayu walitoweka vuli ikiingia, naye hakuwa na hakika wanakwenda wapi. Ndugu yake John, alipokuwa kasisi Gibraltar, aliwaona ndege wakivuka bahari kuelekea Afrika akamwandikia. Gilbert akakubali kuwa baadhi huhama, lakini hakuacha kabisa kuwinda mashimo na kingo za mito, akidhani wengine hujificha humo na kulala hadi majira ya joto. Nilisoma hayo nikacheka peke yangu. Mvulana yeyote wa pwani yetu angemwambia: mbayuwayu huja kwetu kwenu kukiwa baridi, hupanga mstari kwenye nyaya, na mvua za masika zinapoingia huondoka. Jioni hiyo juu ya paa za Selborne walikuwapo ndege weusi wanaofanana nao, wenye mabawa kama mundu, ambao huruka na kulala angani, wakipiga kelele kwa makundi. Waliofungwa vifaa vidogo vya kufuatilia mwendo wameonekana wakipitisha miezi ya baridi katika anga ya Kongo na kusini zaidi. Wamefika Uingereza mwanzoni mwa Mei, na hutaga chini ya vigae vya nyumba kuukuu. Nyumba ikikarabatiwa na tundu likazibwa, hurudi wakakuta ukuta. Ndiyo maana halmashauri nyingi za vijiji siku hizi, zikipelekewa ombi la ujenzi zitoe maoni, huomba patiwe matofali yenye tundu la ndege hao.

Karibu na kanisa pana kiwanja kidogo cha mraba, nyumba zimekizunguka, kinaitwa Plestor. Mwaka 1271 bwana mmoja mwenye ardhi, Adam Gurdon, alikitoa kiwe sadaka ya daima kwa watawa wa Selborne. Tangu enzi hizo kilijulikana kuwa ni mahali pa michezo. Katikati palikuwa na mwaloni mkubwa, umezungukwa na ngazi za mawe na viti. Wazee walikaa hapo jioni za kiangazi wakijadili mambo, vijana wakicheza mbele yao. Dhoruba ya 1703 iliung'oa. Kasisi wa wakati huo alitoa fedha ukasimamishwa tena, ukachipua kidogo, kisha ukafa. Nikaingia makaburini pa kanisa, na huko kuna kisiki cha mti mwingine, yew ambao White aliupima akakuta mzingo wake umepita futi 23. Huo uliangushwa na dhoruba ya Januari 1990. Wakausimamisha vilevile. Nao ukafa vilevile.

Nilikaa kwenye benchi la Plestor nikala mkate na jibini, nikiwaza juu ya watu ambao kwa karibu miaka 300 hawajakubali kuuacha mti ulale. Magari yameegeshwa pembeni, na uwanja wenyewe si mkubwa wala si mzuri sana. Lakini upo.

Kijiji kimoja cha Wiltshire

Jina lake nitaliacha, kwa sababu watu walinipokea wakabishana mbele yangu kwa uhuru, na si haki kuwatangaza.

Lango la uwanja wao lina sanamu mbili za bamba, simba upande mmoja na farasi mwenye pembe upande wa pili. Ni alama ya viwanja vya Mfalme George wa Tano. Alipofariki mwaka 1936, badala ya kumjengea sanamu kila mahali, fedha za kumbukumbu yake zilisaidia vijiji na miji kupata viwanja vya michezo, na hesabu ilipofungwa viwanja vilikuwa 471. Nimeona makumbusho mengi ya wafalme. Hii ndiyo ya kwanza iliyonifanya nitamani tuiige.

Alhamisi usiku halmashauri ilikutana kwenye ukumbi wa kijiji. Wajumbe saba, karani mmoja mama wa makamo mwenye mafaili matatu, wananchi wachache nyuma pamoja nami. Kwa sheria wajumbe hawawezi kupungua watano. Sisi Tanzania halmashauri ya kijiji huanzia 15 na kufika 25. Nilikumbuka ile video ya kikao cha mtandaoni cha Handforth, Cheshire, kilichofanyika Desemba 2020, ambayo mamilioni waliitazama wakicheka wajumbe wakigombana na kutolewa mmoja mmoja. Nilitumaini kuona cheche kama hizo. Badala yake tulianza na mnyororo wa bembea.

Mkaguzi wa mwaka alikuwa ameandika kwamba pete mbili za mnyororo zimelika. Karani akasoma bei ya kubadilisha pete, bei ya mnyororo mzima, na bei ya bembea mpya. Mjumbe mmoja akauliza kama pete zilizotolewa mwaka juzi hazipo stoo. Zipo. Zilinunuliwa na halmashauri hii, ukurasa fulani wa kumbukumbu, tarehe fulani. Karani alifunua faili akasoma. Dakika tano zilikwenda kwa pete mbili za chuma, nami nikaona hapo ndipo nilipopata nilichokijia. Hawakuwa na fedha nyingi. Mapato yao ni nyongeza ndogo juu ya kodi ya nyumba, ambayo mwaka 2024 kwa nyumba ya wastani nchini haikufika pauni 100. Ila bembea ile ilikuwa na mwenyewe kwenye karatasi.

Kisha ukaja mti. Pembeni mwa uwanja wa watoto umesimama mti mrefu wa ash unaougua. Ugonjwa wake, unaosababishwa na kuvu kutoka Asia, ulionekana Uingereza mwaka 2012, na tangu hapo miti hiyo inakauka na kuvunjika matawi bila kutoa taarifa. Mzazi mmoja alisimama: ukatwe wiki hii, watoto wanacheza chini yake. Mzee mmoja akasimama: juu yake kuna tundu, na jioni yeye ameona popo wakitoka. Makao ya popo yanalindwa na sheria, mtu hawezi kuyabomoa atakavyo. Wote wawili walikuwa sahihi, na hilo ndilo lililofanya ukumbi uchemke. Mwenyekiti aliwaacha waseme. Mwishowe wakaamua: sehemu iliyo chini ya mti izungushiwe uzio kesho, mtaalamu wa popo aitwe, akishakagua yakatwe matawi makavu na shina libaki limesimama kwa ajili ya ndege na wadudu. Hakuna aliyefurahi. Walipiga kura, wakaendelea.

Suala la nyasi lilikuwa la mwisho. Kuna kampeni iitwayo No Mow May, iliyoanzishwa 2019 na shirika la Plantlife, ya kuwaomba watu wasikate nyasi mwezi huo ili maua ya mwituni yachanue na nyuki wapate chakula. Sababu yake ni nzito: tangu miaka ya 1930, Uingereza na Wales zimepoteza takriban asilimia 97 ya mbuga zao za maua. Halmashauri ilikuwa imeacha ukingo mmoja wa makaburi bila kukata. Bibi mmoja, mume wake amezikwa hapo, alisema kwake nyasi ndefu juu ya makaburi ni kuwatelekeza marehemu. Sikuona wa kumjibu vizuri. Waliahidi kumkatia njia hadi kaburini, na kuacha pande mbili zilivyo.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuona. Ukingo ule ulikuwa na maua ya njano na meupe hadi magotini, na katikati ya hayo palisimama okidi za zambarau. Kando ya uzio vipo vishamba vya kukodi ambavyo wanakijiji hulima viazi, maharage na vitunguu. Sheria ya 1908 inasema wapiga kura au walipa kodi sita wakiomba kwa maandishi, halmashauri lazima iwafikirie ombi lao la vishamba. Mzee wa popo nilimkuta akimwagilia mboga. Alinipa kitita cha mashina mekundu ya rubarbu, machachu kuliko ukwaju, akasisitiza yapikwe kwa sukari.

Westbury-sub-Mendip

Jumamosi tulifika Somerset, chini ya vilima vya Mendip, mbele yetu nchi tambarare yenye mifereji na kwa mbali kilima cha Glastonbury na mnara wake. Reli iliyokuwa ikisafirisha stroberi za vijiji hivi ilifungwa kwa abiria mwaka 1963.

Westbury ilijulikana kwa kibanda cha simu. Maktaba ya gari iliyokuwa ikipita kijijini ilisimamishwa. Wakati huo huo kampuni ya simu ilikuwa ikiviuza vibanda vyake vyekundu kwa jamii, pauni 1 kimoja. Mwaka 2009 kijiji kikanunua chao, kikatia rafu, kila mtu akaleta vitabu. Unachukua kimoja, unaacha kingine. Wazo likaenea, na vibanda vingine vimewekwa mashine za kushtua moyo. Nilichungulia ndani: riwaya za upelelezi, vitabu vya upishi, vya watoto rafu ya chini wanapofikia wenyewe. Niliacha diwani ya mashairi ya Kiswahili niliyokuwa nayo mkobani. Binamu alisema itakaa hapo hadi Kiyama. Huenda, ila Waswahili wako kila mahali.

Tulimalizia Cheddar kwa kipande cha jibini yao, kali kiasi cha kuuma ulimi, nami nikanunua cha kupeleka nyumbani.

Msomaji utakayejaliwa kufika kule, kabla ya kutafuta kasri tafuta ubao wa matangazo wa kijiji. Ajenda ya kikao lazima ibandikwe siku tatu kamili kabla, na tangu 1960 sheria inampa mtu yeyote haki ya kuingia na kusikiliza. Na wewe uliye huku Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji chako unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Nenda, na ukipewa nafasi uliza uwanja wa watoto umeandikwa kwenye daftari gani.